Siku Saa ya Mwalimu Mridha Iliposimama

Tarehe 31 Desemba Mwalimu Ansar Uddin Mridha anastaafu, baada ya miaka thelathini na miwili ya kufundisha hesabu hapa Natore na kunyang'anya karatasi za mtihani kengele ikiwa bado inalia. Wapo wanafunzi wake ambao leo ni mawakili, na hadi sasa wakisikia kengele hukumbatia mafaili yao.

Aliwahi kumkatiza mkaguzi wa elimu katikati ya hotuba kwa kuwa dakika zake zilikwisha. Mkaguzi hakurudi tena, nasi tunalihesabu hilo kuwa mafanikio.

Kisha akaja Rehnuma. Aliugua saratani ya damu akiwa na miaka mitano, akatibiwa Dhaka, akapona, na kwao wakagawa kachagolla, vile vitamutamu vyetu vya maziwa, mtaa mzima. Walimu hatukubaki nyuma kuzila. Basi alipofika darasa la sita, akawa anaandika polepole, anasahau alichoambiwa sasa hivi, na akiharakishwa anachana karatasi, tuliafikiana kuwa ni mvivu aliyedekezwa. Akifeli tena, baba yake angemtoa shule.

"Mtoto kapona huyu, mama," Mridha alimwambia mama yake Rehnuma. "Kachagolla zenu nilikula mwenyewe, mbili."

"Ungekula hata kumi, Mwalimu. Ugonjwa umetoka, ila dawa zilizoutoa zilipita humo humo kichwani. Daktari alituambia mapema: kujua atajua, lakini atachelewa kufika."

Mridha, ambaye haamini jibu lisiloonyesha njia, alimpa Rehnuma mtihani wa zamani katika chumba kitupu, bila kengele. Alikosa swali moja tu. Mridha akamwombea muda zaidi. Kikao cha walimu kikakataa kwa hoja nzito kwamba na wengine watataka. Hoja ilipita kabla chai haijafika.

Siku ya mtihani wa mwaka kengele ililia, Mridha akakusanya karatasi zote isipokuwa moja, akaketi mlangoni. Mkuu wa shule alipomjia juu, alijibiwa kwa upole kuwa saa yake Mridha imesimama. Tuliokuwa ukumbini tuliisikia ikigonga kama cherehani.

Rehnuma alifaulu. Sasa yuko darasa la tisa, bado mkali akiharakishwa, bado wa mwisho kutoka.

Leo ndiye atakayesoma shukrani zetu, na atasoma kwa mwendo wake. Kachagolla zimeshafika, hazitaguswa mpaka amalize, na kengele tumeifungia stoo. Ahsante, Mwalimu Mridha. Ustaafu wako uwe wa heri, na saa yako isimame kila utakapopenda.