Mabano na Kazi Iliyokubali Kwake Tu

Hapana, marehemu hakuzaliwa alfajiri. Mjomba wake ameng'ang'ania alfajiri tangu juzi, na kwenye nakala ya kwanza ya karatasi hii ya wasifu alishaiandika. Lakini mjomba wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili, na alfajiri hiyo alikuwa amelala fofofo. Aliyekuwa macho ni bibi yake, mzaa mama, na bibi anasema ilikuwa saa saba mchana, Jumanne tarehe 8 Novemba 1983, katika zahanati iliyo nyuma ya posta, chumba cha pili kushoto, chenye dirisha lisilofungika. Mtoto alilia mara moja, akanyamaza, akamkagua mkunga kuanzia kofia mpaka viatu, kisha akamwonyesha kwa kidole kifungo alichokosea kufunga. Mjomba anasema mtoto mchanga hawezi. Mjomba alikuwa amelala.

Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita. Tangu hapo alilelewa na bibi huyo katika nyumba ya vyumba viwili karibu na kiwanda cha sabuni. Alianza shule Januari 1991, na huko ndiko alikopata jina la Mabano, ambalo wengi wenu hamkujua kwamba hakuzaliwa nalo. Alirudisha karatasi ya mtihani mezani akasema, "Mwalimu, swali la nne umefungua mabano hukuyafunga. Sijui swali linaishia wapi." Akatolewa nje. Baada ya dakika mbili akachungulia mlangoni: "Na tangazo la huku nje nalo, mwalimu."

Alihitimu masomo ya kompyuta mwaka 2008, na Jumatatu tarehe 2 Februari 2009 aliajiriwa katika ofisi iliyo orofa ya tatu, juu ya duka la miwani. Bibi alipomuuliza anafanya nini huko, alijibu kwamba anatunza maktaba. Bibi akafurahi, akamwagiza kitabu chenye picha nyingi.

"Haina vitabu, bibi. Ni kipande cha programu ambacho programu nyingine zinakiazima. Kazi yake ni kusoma maandishi na kuyachambua."

"Kama mchele?"

"Kama mchele. Hili jina, hii tarehe, hiki kipimo cha damu, hii takataka."

Maabara za hospitali kumi na moja zilisoma majibu ya wagonjwa kwa maktaba hiyo, na aliyeitunza kwa miaka kumi na sita ni yeye, karibu peke yake. Mwaka wa pili ilimtesa siku nne. Ilijengeka vizuri, yaani maandishi yake yaligeuka programu bila kosa, ikawaka, lakini ikipewa faili za maabara fulani, inakata roho.

"Inafia wapi?" bibi akauliza.

"Mwanzoni kabisa, kabla ya neno la kwanza."

"Basi kuna kitu kabla ya neno la kwanza."

"Hakuna, bibi. Natazama kwa macho yangu."

"Na mimi mawe ya kwenye mchele siyaoni. Nayasikia kwenye meno."

Akaenda akaifungua ile faili namba kwa namba, akakuta alama tatu zisizoonekana zimekaa mbele ya herufi ya kwanza. Ofisi ilitaka kumwajiri bibi hapo hapo. Alikataa kwa sababu ya ngazi.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 2011 na fundi cherehani wa chini ya ofisi hiyo hiyo. Alimpelekea suruali ipunguzwe urefu, akairudisha ipunguzwe tena, na tena, mpaka ikawa kaptura. Fundi akaweka mkasi chini. "Kaka, sema unachotaka. Kitambaa kimekwisha." Mwaka 2013 walijaliwa binti mmoja.

Tarehe 11 Machi mwaka huu, 2025, aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alipoacha kwenda kazini, wenzake walijaribu kuijenga ile maktaba kwenye kompyuta zao. Ikawakatalia wote. Walimpigia simu, naye akawajibu alivyowajibu miaka yote: "Kwangu inakubali." Lakini safari hii alipokata simu aliomba kompyuta yake. Alijua kwamba akiondoka hivyo, kazi ile inakwenda naye, na maabara kumi na moja hazitakuwa na wa kuzirekebishia kosa. Akaanza kuandika maelekezo, hatua kwa hatua, kitandani hospitalini, chumba namba sita.

"Daktari amesema upumzike," mkewe akamwambia.

"Dakika tano tu."

"Siku zenyewe zimebaki za kuhesabu, na wewe unaiandikia mashine barua. Mimi umeniandikia nini?"

Akaandika mstari mwingine. Kesho yake, Jumapili, vidole vilikuwa vimeshakataa kubonyeza. Akasogea ukutani, akapiga godoro kwa kiganja. "Kaa hapa, mama. Andika wewe."

"Mimi najua cherehani, baba."

"Ndiyo maana nakutaka. Anayejua anaruka hatua bila kujua kwamba ameiruka. Wewe hutaruka."

Mkewe alileta kompyuta ya shule ya binti yao, ambayo marehemu hakuwahi kuigusa, wazijaribu hatua hapo. Kwa siku nne mchana walikaa bega kwa bega, yeye anasoma hatua, mkewe anabonyeza kwa kidole kimoja. Siku ya tatu ikagoma.

"Inasema nini?"

"Wekundu mtupu, ukurasa mzima. Inanifokea."

"Soma mstari wa kwanza. Hiyo mingine yote inalilia huo wa kwanza."

"Inasema haioni faili ya kanuni."

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Ipo kwenye..." Akajifunika uso kwa shuka. "Ipo kwangu."

Mwaka 2010, akiwa na haraka, aliinakili faili hiyo kwa mkono na kuiweka pembeni kabisa mwa kompyuta yake. Akasahau. Kila alipobadilisha kompyuta alihamisha vyote, na yenyewe ikahama kimyakimya. Wenzake hawakuwa na kosa lolote.

"Miaka kumi na tano nawaambia hawajui kusoma maelekezo," akasema.

"Kwa hiyo umewapa watu vipimo vya gauni," mkewe akamwambia, "na tepu yako imekatika sentimita mbili za mwanzo."

Alicheka mpaka mashine iliyo kando ya kitanda ikaanza kulia na muuguzi akaja mbio. Muuguzi alipotoka, wakacheka tena, kwa sauti ya chini.

Waliiandika ile hatua iliyokosekana na kutuma maelekezo pamoja na faili ofisini. Jumatano tarehe 20 Agosti, saa kumi jioni, mwenzake wa ofisini waliyemwita Mrefu akapiga simu akipiga kelele kama aliyeshinda uchaguzi. Imekubali, na kwa jirani yake imekubali, na ya maabara imesoma majibu yote bila kufa. Marehemu akaweka simu kifuani. Akamgeukia mkewe.

"Sasa mama, lile uliloniuliza. Nilichotaka kukuandikia siku zote ni kwamba..."

Mlango ukafunguliwa. Ni muuguzi na toroli la dawa. "Mama, muda wa wageni umekwisha."

Alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 21 Agosti 2025, saa tano asubuhi, kabla ya muda wa wageni. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Ameacha mke, binti wa miaka kumi na miwili, bibi, mjomba na wenzake wa ofisini. Tangu msibani watu wanamwomba bibi aimalizie ile sentensi, maana wanamjua, hashindwi kumalizia neno la mtu. Hii haimalizii. Ni ya mjane, na itabaki hivyo ilivyo.

Mungu ampe pumziko ambalo mkewe alimwombea miaka yote, naye akawa anasema dakika tano tu.