Kumi wa Kwenda Kigoma

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa stendi ya Kasulu, pale ambapo basi la Kigoma hupakia. Asubuhi za Julai baridi ya mlimani huchelewa kuondoka, na kila mtu hushika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili. Siku hiyo, mwaka 1997, walikuwa watano. Gharibu, mtu wa Ujiji, ndiye mwenye birika. Ildefonsi, afisa kilimo, tunamwita Bwana Shamba hata anapozungumzia mambo yasiyoota. Moses anaitwa Redio, kwa sababu husikiliza matangazo yote ya michezo na kuyarudia bila kuombwa. Nsabimana, muuza vitenge aliyekuja kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, ni Leoleo, maana hapangi jambo la kesho kutwa. Wa tano alikuwa Tharsisi, yaani Mlingoti, nahodha wa timu ya mpira wa kikapu ya Milimani, mwenye miaka arobaini na miwili na karatasi mkononi. Ilikuwa na majina kumi ya wachezaji wa mashindano ya mkoa, na ilitakiwa iondoke na basi la saa nne. Jina la kwanza lilikuwa lake mwenyewe, kama ilivyokuwa kwa miaka kumi na minne. Milimani ilikuwa imefungwa mechi kumi na moja mfululizo.

Redio: Mlingoti, soma tusikie.

Mlingoti: Ni wale wale.

Redio: Wale wale waliofungwa na Kibondo kwa pointi thelathini?

Mlingoti: Ishirini na nane.

Redio: Samahani. Nilihesabu na zile mbili ulizowafungia wewe kwenye goli letu.

Mlingoti: Jua lilinipiga machoni.

Gharibu: Jua la jioni linatua upande wa ziwani, kaka. Wewe ulikuwa unaelekea Tabora.

Bwana Shamba akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, ujue anataka kufundisha.

Bwana Shamba: Nasema kama mtaalamu. Mkahawa ukizeeka unafanywaje? Unakatwa, urefu wa goti. Unachipua upya. Miaka miwili huvuni kitu, mwaka wa tatu matawi yanalala chini kwa uzito. Timu ni hivyo hivyo. Kata wote, peleka watoto. Wapigwe miaka miwili, wa tatu tunaleta kombe.

Mlingoti: Wote?

Bwana Shamba: Sijasema wewe. Nimesema wote.

Leoleo: Na hiyo miaka miwili sisi tutashangilia nini?

Bwana Shamba: Tuvumilie. Mvumilivu hula mbivu.

Leoleo: Tumevumilia miaka kumi na minne, na bado tunakula mbichi. Sikiliza, Bwana Shamba. Kule kwetu nilijenga nyumba. Nikasema sina haraka, hii ni ya maisha, nitajenga polepole. Kuta zikaisha. Wiki niliyotaka kuezeka ndiyo tuliyokimbia. Sijui ni nani aliyeiezeka, wala kama iliezekwa. Basi mtu akiniambia miaka mitatu, masikio yangu yanajifunga yenyewe. Mlingoti acheze. Ashinde mchezo mmoja, tuuone kwa macho.

Gharibu akamwongezea Leoleo kahawa bila kuulizwa.

Redio: Mzee amesema kweli. Samaki mkunje angali mbichi.

Bwana Shamba: Hiyo ni methali yangu mimi, ya kufundisha watoto.

Redio: Ifikirie mpaka mwisho. Mlingoti ameshakauka. Ukimkunja atavunjika. Kwa hiyo mwache alivyo, msimamishe chini ya goli kama nguzo, wengine wamzunguke.

Mlingoti: Niko hapa, jamani. Nawasikia.

Redio: Tena tunakwenda vizuri. Bandu bandu huisha gogo. Mwaka juzi Kibondo walitufunga kwa thelathini na nne, mwaka jana thelathini na moja, mwaka huu ishirini na nane. Tatu tatu kila mwaka. Tusipobadilisha mtu hata mmoja, mwaka elfu mbili na sita tunafungwa kwa pointi moja. Mwaka unaofuata tunashinda kwa mbili.

Mlingoti: Mwaka huo nitakuwa na miaka hamsini na miwili.

Redio: Utakuwa na uzoefu.

Gharibu: Wote mmepotea. Tatizo si umri, ni urefu. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mtaka cha juu sharti aoe mrefu. Twendeni Buhigwe tukawaposee vijana wetu mabinti warefu. Kijiwe kisimamie ndoa. Baada ya miaka ishirini tuna timu ambayo haina haja ya kuruka.

Bwana Shamba: Hiyo ni mbegu bora. Naikubali kitaalamu.

Redio: Na Mlingoti je? Shemeji anamfika kwenye mkanda.

Gharibu: Ndiyo maana ana watoto saba na hakuna anayegusa nyavu.

Walicheka, na Mlingoti naye akacheka, ila wa kwanza kuacha alikuwa yeye. Akaikunja karatasi, akaikunjua.

Mlingoti: Juzi mazoezini niliruka. Nilipotua, goti likalia. Nyumbani nikasema nimechoka na kazi. Sasa niambieni. Kila mwaka gari la timu likipita pale kanisani, mke wangu na watoto wanasimama barabarani wanapunga mikono. Nikilitoa jina hili, mwezi ujao nitakuwa nimesimama nao pale, napunga.

Bwana Shamba: Unaweza kwenda na vijana kama mwalimu wao.

Mlingoti: Mwalimu haushiki mpira ukiwa unadunda, Ildefonsi.

Ilikuwa mara ya kwanza mwaka huo mtu kumwita Bwana Shamba kwa jina lake. Hakuna aliyetia methali. Stendini utingo alikuwa juu ya basi akipokea magunia ya maharage. Mlingoti akatoa kalamu mfukoni, akapiga mstari juu ya jina la kwanza. Kisha, taratibu, akapiga mistari mingine mitano, ya watu wa umri wake. Wakabaki wanne.

Redio: Umekata kweli?

Mlingoti: Si mlisema?

Redio: Mimi nilisema ubaki.

Hapo akaja mwanamke mwenye begi dogo na shali mabegani. Alikuwa mwalimu Pelagia, aliyehamia Kasulu majuma mawili kabla, akitokea Kibondo. Alikuwa anasafiri, na kondakta alimwomba akiipata karatasi ya michezo aibebe. Akawasalimu kwa Kiha.

Pelagia: Mwakeye. Nimeambiwa karatasi iko hapa.

Mlingoti akampa. Akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anayesahihisha daftari la mtoto ambaye hataki kumvunja moyo.

Pelagia: Wanatakiwa kumi, nami naona wanne. Hawa sita wengine ni akina nani?

Mlingoti: Ni watoto. Tunajenga upya. Bwana Shamba, mtajie.

Bwana Shamba: Kuna yule mrefu wa chuoni.

Pelagia: Anaitwa nani?

Bwana Shamba: Anavaa sweta la kijani.

Redio: Na yuko mmoja anayeruka sana, mtoto wa yule mama wa dagaa.

Pelagia: Yeye anaitwa nani?

Redio: Mama yake tunamwita Mama Dagaa.

Pelagia akamtazama Leoleo, Leoleo akatazama kitenge chake. Akamtazama Gharibu, Gharibu akapata ghafla kazi ya kufuta vikombe.

Pelagia: Mmeanza lini kuzungumza habari za hawa watoto?

Redio: Tangu Pasaka.

Honi ikalia. Pelagia akageuka, akapima kwa macho magunia yaliyobaki chini.

Pelagia: Bado wanapakia. Mna dakika kumi.

Mlingoti aliichukua karatasi, akapachika kalamu sikioni, akaanza kukimbia kuelekea kiwanja cha chuo. Alikimbia kwa hatua ndefu, akikwepa mikungu ya ndizi na akina mama wenye vikapu, mpaka watu wa stendi wakasimama kumtazama.

Redio akapanda juu ya ubao.

Redio: Mnamwona? Mtu mwenye mbio kama hizi, mnamtoa kwenye timu kwa sababu gani?

Gharibu alilitikisa birika, halikutoa sauti. Mwalimu Pelagia akaweka begi chini, akaketi mahali Mlingoti alipokuwa ameketi, akasubiri majina.