Viganja vya Ukoo wa Sharifa

Benchi letu liko nje ya stesheni ya Kindu: taruma la reli lililokataliwa na wazungu, likakubaliwa na matako yetu. Asubuhi ile Bulaimu, fundi cherehani, alikuwa na mtihani. Mwanawe Amuri anamtaka Sharifa, na alasiri baba mtu lazima ampe mkwe wake, baba wa Sharifa, mkono wa posa, kiganja kwa kiganja. Lakini nyumba ile bibi, baba na Sharifa mwenyewe wana viganja vigumu vya manjano, kiangazi vinapasuka. Amuri ameapa: akinyimwa, anapanda boti kwenda Stanleyville na harudi. Bulaimu ana mtoto huyo mmoja tu. Nilimhurumia kwelikweli.

— Maladi yao njo ukoma, alisema Henri, tunayemwita Munganga kwa kuwa anafagia lopitali.

— Ukoma inakula vidole, nikamwambia. Bibi iko na vidole vyote kumi, anasuka mikeka.

— Basi ni ukoma yenye haina njaa.

Michel, mtia kuni wa gari moshi, akatema kahawa.

— Munganga ya ufagio! Ile ni mvuke. Babu yao alisimamisha gari moshi na mikono, moto ikaingia ndani ya damu.

— Muntu gani alimuona? Henri akauliza.

— Wote wenye walimuona wamekufa.

Bulaimu alishika kichwa.

— Sasa mukono nitamupa namna gani?

— Funga bandeji, Henri akashauri. Sema umeungua pasi.

— Ao mupe kiwiko, Michel akaongeza.

— Musinicheke! Wajukuu wangu watazaliwa vile?

— Wazaliwe! nikamwambia. Watabeba makaa bila koleo. Bwana ya stesheni atawaandika kazi wote. Kumbe wagonjwa njo sisi wenye viganja laini!

Hapo mwanamke mwenye kikapu cha mchele akasimama mbele yetu.

— Hodi, wazee. Miye Mwanahamisi, shangazi ya Sharifa. Nimetumwa kutazama ukoo wa bwana harusi mbele ya mukono kutolewa.

Bulaimu akaruka wima.

— Karibu, mama. Tazama, uliza yote.

— Nimepita alfajiri, mulikuwa mumekaa hapa munabishana. Narudi sokoni, mungali munabishana. Ulizo yangu ni moja tu, baba Amuri: hii maladi yenu, watoto wanarithi?

Henri akachungulia birika. Michel akakumbuka kuni zake. Bulaimu akaficha kikombe chake cha kahawa nyuma ya mgongo. Kindu nzima inajua baba yake alifia hapa hapa, kikombe mkononi, akibishana.