Mguu wa Kushoto na Nyimbo za Ta Projestus

Wasikilizaji wapendwa, mlio Kibeta hapa jirani na mlio kule Muleba, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Projestus Kyaruzi wa Izimbya, au Ta Projestus, kwa Kihaya chetu cha heshima. Mkulima wa kahawa na migomba. Mume wa Celina, baba wa Annastella. Na mpigaji wa muziki wa roki.

Nasikia kuna mtu amecheka. Cheka tu, mwenyewe alikuwa anacheka. Narudia ili asipotee mtu: Projestus Kyaruzi, mkulima, mpiga gitaa la umeme, alifariki Disemba iliyopita akiwa na miaka hamsini na tisa. Ameacha nyimbo thelathini na moja, zote katunga mwenyewe, zote zina video, na video zote kazipiga Celina kwa simu.

Tuanze na gitaa. Umeme ulipofika Izimbya, majirani walinunua friji na pasi. Projestus alikwenda Bukoba mjini, dukani kwa Bhavin, ambako gitaa jekundu lilikuwa limening'inia ukutani miaka tisa bila mnunuzi. Bhavin anakumbuka alivyomwonya: "Mzee, hili lina kelele." Projestus akamjibu: "Hizo kelele ndizo nilizofuata." Ujanani aliimba kwaya kule Kashozi, akadumu wiki tatu. Tuyaache hayo.

Wimbo wa kwanza ulirekodiwa uani, kwenye kibanja, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba. Jirani yake Gozbert alipiga pipa la plastiki. Celina alipanda juu ya kreti la soda, akashika simu kwa mikono miwili. Ukaisha wimbo, Projestus akauliza: "Ukoje?" Celina akasema: "Mzuri." Ameniambia bila kuficha kwamba wakati ule mawazo yake yote yalikuwa kwenye maharage jikoni.

Video ikawekwa mtandaoni. Maoni yakaja, na hapa, wasikilizaji wapendwa, mtajijua wenyewe. Mmoja alimsalimu kwa Kihaya: "Kasinge Ta Projestus! Hiyo migomba nyuma yako umeitilia mbolea gani?" Mwingine akauliza kama anauza machipukizi. Wa tatu akaonya kwamba mkungu ule wa kushoto umeshakomaa, ukatwe. Watu kumi na saba waliandika, na hakuna hata mmoja aliyetaja wimbo.

"Nimeimba dakika nne," Projestus alimlalamikia mkewe, "wao wameona ndizi!"

Wimbo wa pili na wa tatu, migomba ikasifiwa tena. Wa nne, Celina akatundika shuka la kitandani nyuma yake ili ndizi zisionekane. Waliotazama wakapungua nusu. Waliobaki waliandika "hongera sana", na hilo neno Projestus alilichukia kuliko tusi. Alitaka mtu mmoja tu amwambie ukweli wa wimbo. Huku kwetu ukweli wa namna hiyo ni adimu. Mtu akikukaribisha, akakupa akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, utaanzaje kumwambia kwamba anaimba vibaya?

Wimbo wa tano ndipo alipojitokeza mtu anayejiita Mguu wa Kushoto. Hakuwa na picha wala jina jingine, ila alijitaja kuwa ni wa Muleba. Aliandika hivi: "Toa shuka. Unaimba kama mtu aliyefungiwa chumbani. Na dakika ya pili, sekunde ishirini, umechelewa kurudi kwenye kiitikio."

Celina alimsomea kwa sauti, akisubiri mumewe akasirike. Projestus akausikiliza wimbo upya, mara tatu. Kisha akaruka. "Kweli nimechelewa! Celina, kuna mtu amesikiliza!"

Shuka likarudi kitandani. Kuanzia hapo kila wimbo ulisubiri neno la Muleba. Gozbert naye hakupona. Siku moja iliandikwa: "Huyu wa pipa ana haraka, kwani ameacha mgonjwa nyumbani?" Gozbert anasema: "Nilinuna wiki nzima. Halafu nikasikiliza. Nikaona ni kweli, nilikuwa nakimbia."

Sasa Celina akashikwa na udadisi. Huyu ni nani? Alidhani ni mchezaji wa mpira aliyestaafu, kwa ajili ya hilo jina. Akadhani ni padri. Akaanza kufuatilia nyakati. Mguu wa Kushoto huandika mchana, si jioni. Na kila mwaka ikifika Disemba, anapotea mpaka Januari imekatika. "Ni mtu gani huyo asiyekuwepo Disemba?" Celina aliniuliza kana kwamba bado hajajua jibu. "Nilifika mahali nikauonea wivu mguu."

Akataka kumwandikia aulize. Projestus alikataa katakata. "Nikimjua, atakuja hapa. Akija utampa akamwani. Akishatafuna, naye ataanza kusema hongera sana. Mwache hukohuko."

Miaka mitano ikapita hivyo.

Disemba iliyopita, siku ya Jumamosi, Projestus alirekodi wimbo wa thelathini na moja. Unaitwa "Aliyeshika Simu". Celina alipanda kreti lake kama kawaida. Mwanzoni aliwaza kuni. Wimbo ulipofika katikati akasikia maneno: mikono inamuuma, hasemi, mvua inaanza, haondoki. Akaacha kuwaza kuni. Kwa mara ya kwanza katika nyimbo thelathini na moja, Celina alisikiliza. Mikono ikaanza kumtetemeka, na picha ikatikisika mpaka mwisho.

Projestus akauliza kama siku zote: "Ukoje?"

Celina akasema: "Mzuri."

"Hata ningepiga sufuria ungesema mzuri," mumewe akacheka, akaenda kufunga waya zake.

Hicho ndicho kinachomuumiza mama huyu, wasikilizaji wapendwa. Siku ile alimaanisha. Alitafuta neno jingine akalikosa, na lile lililotoka lilikuwa lilelile la miaka yote.

Jumapili Projestus alifungua simu. Muleba kimya. Jumatatu, kimya. Celina akamkumbusha: "Ni Disemba. Huwa anapotea." Jumanne asubuhi, akianika kahawa, Projestus alianguka. Shinikizo la damu. Hakufika hospitali. Alizikwa Alhamisi, kibanjani kwake, kwenye migomba ileile. Annastella akaandika taarifa ya msiba kwenye ukurasa wa baba yake.

Jumapili iliyofuata, watu wakiwa bado matangani, bodaboda ikasimama nje. Akashuka mama mwembamba, mkoba begani, anachechemea. Akasalimia kwa heshima. "Naitwa Klaudia. Natoka Muleba. Nadhani mnanifahamu kwa mguu."

Gozbert ndiye aliyesimama kumpa kiti.

Klaudia ni fundi cherehani. Mguu wake wa kulia uliumwa utotoni, kwa hiyo cherehani anaikanyaga kwa wa kushoto peke yake. Husikiliza nyimbo akishona. Nilipompigia simu alinieleza hivi: "Muziki mimi sijasomea. Ila mguu unafuata wimbo. Mwimbaji akichelewa, mguu unajikwaa, mshono unakwenda kombo. Basi natazama ni dakika ya ngapi, namwandikia." Na Disemba? "Disemba ni magauni ya Noeli. Januari ni sare za shule. Nasikiliza, lakini mikono ya kuandika sina."

Celina alimletea akamwani kwenye kikapu kidogo. Klaudia akanyoosha mkono. Celina akakirudisha kikapu nyuma kidogo.

"Waitu, tafadhali, sema kwanza. Ule wa mwisho, ukoje? Ukishasema ndipo utafune."

Klaudia hakushangaa. Alifikiri. "Mwanzo ni mrefu mno," akasema. "Pipa limezidi sauti. Dakika ya tatu amechelewa, kama kawaida yake." Akaushusha mkoba begani. "Halafu dakika ya nne mguu wangu ulisimama. Gauni la mteja liko chini ya sindano, mimi nimesimama. Haijawahi kutokea. Nikasema huyu nitamwandikia vizuri, kwa utulivu, baada ya Noeli." Akamtazama Celina. "Palepale picha ilikuwa inatikisika. Aliyeshika simu ni wewe?"

Akajibu Gozbert. "Ni yeye. Na Ta Projestus alijua. Jumatatu aliniita, akanionyesha sehemu hiyo zaidi ya mara nne. Akasema: tazama inavyotikisika. Huyo ni Celina, leo amesikia."

Celina aliweka kikapu mapajani mwa mgeni, akalia mpaka akamaliza. Klaudia akatafuna kahawa yake, na hakusema hongera.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wenzangu wote hapa studio, tunampa pole Ma Celina. Pole Annastella na ukoo wote wa Kyaruzi. Pole Gozbert na pipa lako, na pole Klaudia kwa barua uliyoiahirisha. Mungu ampumzishe Projestus kwa amani.

Nanyi mnaonisikiliza, jiulizeni. Kuna mtu karibu nawe ametengeneza kitu, amekuletea, amekuuliza ukoje. Ulikitazama? Au ulisema hongera huku unawaza maharage? Na kama kilikugusa, unangoja Noeli gani ipite ndipo umwambie? Mimi mwenyewe, nilipotoka Izimbya, nilipiga simu mbili nilizokuwa nimeziahirisha muda mrefu.

Sasa tunaupiga wimbo wenyewe, "Aliyeshika Simu", wa Projestus Kyaruzi wa Izimbya. Mwanzo ni mrefu, mvumilieni. Dakika ya tatu atachelewa. Ikifika ya nne, kumbukeni kwamba redioni hamwezi kuona picha ikitikisika, ndiyo maana nimewaambia.