Bega Lipi?

Kwenye benchi letu, kona ya stesheni hapa Huambo, wazee waliopigana ndani ya kifaru kimoja cha vita hukaa kama walivyokuwa wakikaa ndani yake. Sabalo, dereva, anakaa mbele. Kamanda Tchinhama anakaa nyuma yake juu ya kreti la bia, mguu usawa wa mabega ya mwenzake. Vitani redio yao ilikufa, kwa hiyo kamanda alimwongoza dereva kwa buti: akigonga bega la kushoto, kata kushoto, la kulia, kulia. Hivyo hivyo wakatumbukia mtoni, na mpaka leo hawajakubaliana nani alikosea. Mimi ninayewachemshia kahawa nimewachoka.

— Niligonga la kushoto, akasema Kamanda.

— Bega langu halikuwa limelewa, akajibu Sabalo.

Ganda, aliyekuwa mpakia makombora, naye akaleta lake.

— Mto ndio ulihama. Asubuhi tuliuacha upande mwingine kabisa.

— Ulihama na samaki wake? akauliza Sabalo.

— Vita ile, hata wewe ungekuwa samaki usingebaki.

Mara akatokea Delfina, binti wa Sabalo, kutoka Luanda, na begi tupu la nguo za babake mkononi. Jirani alikuwa amemwambia kwamba babake haoni tena tangu Krismasi, jambo ambalo sisi wote tulimficha. Alitaka kuondoka naye leo leo.

— Na nyumbani huwa anafikaje? akauliza.

— Natembea nyuma yake, namgonga bega, akasema Kamanda.

Delfina akasema haya, fanyeni nione. Baba akifika mlangoni bila kujikwaa, atabaki. Wote tukapumua, ila Sabalo hakuinuka.

— Siendi popote mpaka useme. Siku ile, lilikuwa bega lipi?

Kamanda akaangalia kikombe chake. Karibu miaka arobaini amekuwa akikataa, na nilimwonea huruma.

— La kulia, akasema. Nilichanganyikiwa. Nisamehe, ndugu yangu.

Ganda akapaliwa na kahawa. Sabalo akainuka, akanyoosha mabega.

— Mbona nilijua. Mto wenyewe nilikuwa nauona kabisa kwenye kitundu changu cha kuchungulia.

— Sasa baba, akauliza Delfina, kama uliuona, kwa nini ulikata?

 Kamanda akamgusa bega la kushoto kwa vidole viwili, na Sabalo akakata kushoto kuelekea nyumbani.