Skafu ya Bluu na Mechi Mia

Mama Rosine alikuwa akitoka kwenye maombi, ametulia ndani ya basi la mtaa wa Bordesley Green, huku ughaibuni, ila masikio yake hayakutulia. Mbele yake Sylvestre, Mkongo wa makamo, alikuwa akimweleza mzee wa Kizanzibari waliyetajiana naye majina muda huo huo kwamba skafu ya bluu iliyo mfukoni anaipeleka duka la mitumba. Timu yake ya soka, yenye rangi hiyo, imeshuka daraja, naye amechoka kuchekwa kazini.

“Mwanangu, kufungwa hujakuona,” alisema Mzee Idarous. “Mwaka hamsini na nne, nikiwa baharia, meli yetu ilikaa matengenezoni kwenye bandari ya Baltimore. Timu yao ya besiboli ilifungwa mara mia kwa msimu mmoja.”

“Mia? Muzee, hata uongo unapimwa! Mia wanacheza lini?”

“Karibu kila siku. Jumapili nyingine mara mbili.”

“Jumapili mara mbili! Sasa wanasali saa ngapi? Ndiyo maana walipigwa.”

Mama Rosine nusura aitikie amina.

“Cheka tu. Mimi kila nikipewa ruhusa ya kushuka melini nilirudi uwanjani, na wenyeji nao walirudi. Wewe umefungwa mara ngapi hata uitupe skafu?”

“Hunibadilishi, muzee. Nashuka pale dukani.”

Basi likasimama mbele ya duka la mitumba. Mlango ukafunguka, ukajifunga. Sylvestre alikuwa bado anaibishia ile mia, na Mama Rosine hakumkumbusha.

Kwenye kituo cha hospitali wote watatu walishuka. Sylvestre, akisema bado ni uongo, alijizungushia skafu shingoni. Kwa sababu ya baridi, alisema. Ilikuwa Mei, na jua linawaka.