Kuku wa Bibi Katika Daftari Thelathini na Tisa

Ilikuwa Jumatano, saa kumi na dakika ishirini alasiri, mwalimu kijana alipoketi kwenye benchi nje ya kibanda cha fundi saa, daftari thelathini na tisa zikiwa magotini. Benchi lile lilikuwa na wenyewe: Fundi, anayeongea huku lenzi iko jichoni, na Gia Nne, dereva mstaafu asiyekubali kushindwa. Birika la kahawa lilikuwa katikati yao.

— Mwalimu, kuna msiba? Gia Nne aliuliza.

— Bado, baba. Kesho asubuhi mkaguzi anakaa darasani kwangu. Niliwapa watoto waandike aya moja kuhusu likizo, na zote zinafanana. Akiziona, darasa langu atapewa mwingine.

— Hebu soma.

— "Likizo nilikwenda kwa bibi. Bibi alifurahi sana. Alituchinjia kuku..."

— "...Tulikula tukashiba. Kisha tulirudi nyumbani salama," Fundi alimalizia, bila kuinua kichwa.

— Umeijuaje?

— Niliiandika darasa la tatu. Mwalimu aliiweka ubaoni iwe mfano.

— Hata mimi niliiweka ubaoni, mwalimu alisema kwa sauti ndogo. Ndivyo nilivyofundishwa.

Gia Nne alijimiminia kahawa taratibu.

— Sisi tulichora na ua pembeni. Kalamu ya wino, kidole cha bluu wiki nzima. Nilipata tisa juu ya kumi.

— Mimi kumi.

— Ulinakili kwangu.

— Hatukusoma shule moja, wewe.

— Ndiyo maana nasema bibi alikuwa mmoja. Watoto wote walipelekwa kwake kwa malori, wakala, wakarudi salama.

— Na kuku walitosha?

— Kuku walikuwa wa serikali.

— Acha fiksi, Fundi alisema. Kosa ni la chaki. Inatengenezwa kwa vumbi linalofutwa kwenye mbao za darasani za zamani. Ukiishika tu, mkono unaandika yaliyokwisha kuandikwa.

Mwalimu alicheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Dada mmoja mgeni, aliyeleta saa ya ukutani kutengenezwa, alikuwa amesimama akisikiliza.

— Samahani, wazee wangu. Likizo hiyo yenyewe, mlikuwa wapi?

Fundi alitoa lenzi jichoni. Gia Nne aliweka kikombe chini.

— Kulikuwa na kuku, alisema.

— Huyo ni wa ubaoni, Fundi alimwambia, kwa upole.

— Basi sijui.

Mwalimu alizipekua akilini likizo zake mwenyewe, moja baada ya nyingine. Kila alipofika, bibi alikuwa amesimama mlangoni na kuku mkononi. Bibi zake wote wawili walifariki kabla hajazaliwa.

Kesho yake, saa mbili na robo, mkaguzi akiwa kiti cha nyuma, mwalimu alifuta mfano ubaoni. Aliwaketisha watoto wawili wawili: mmoja asimulie siku moja tu ya likizo, mwenzake aulize "halafu?" mpaka yaishe, ndipo waandike. Darasa likawa soko. Mkaguzi aliuliza mfano uko wapi. Mwalimu alikuwa ameinama kwa binti aliyekosa mwenzake.

— Mvua ilinyesha, binti alisema. Nikakaa chini ya meza.

— Halafu?

— Kaka akaja na shuka. Tukafanya ni nyumba.

Penseli yake ilikuwa butu. Mwalimu aliichukua, akaanza kuichonga.